Milimita Tatu

Oili iligeuka maziwa ya mgando
juu kidogo ya Zugdidi, kwenye kona ya nane,
na mvuke ukanifunga kioo chote.
Nikazima. Chini nikausikia mto,
na rejeta ikichemka kama inanisengenya.

Sasa ni Oktoba, Mestia,
theluji imeshafika mabegani mwa Ushba
na Niva imefumuliwa zizini, ng'ombe wakitazama.
Silindahedi imelala juu ya meza ya kuchinjia nguruwe.

Jokia anaendesha lori huko Poland.
Hupiga simu usiku, sauti ikikatikakatika:
"Gasketi ipo. Kabatini kwa Mama.
Baba aliinunua mwaka ule aliofariki."

Mama mkwe akaileta kwa mikono miwili
ndani ya gazeti la enzi za foleni ya mkate.
Nyeusi, safi, haijaguswa,
midomo yake ya bati inang'aa,
tundu la oili limevishwa pete ya shaba.
Nilitaka iwe yenyewe. Mungu anajua nilitaka.

Lakini mimi muuguzi. Napima kwanza.

Nikailaza juu ya bloku. Njia za maji zikakubali,
matundu ya boliti yakakubali,
kila shimo likamwona mwenzake.
Kisha nikainama kwenye silinda ya kwanza,
na bati la gasketi lilikuwa limeingia shimoni,
utepe mwembamba, umetokeza kama ulimi.

Vernia: silinda themanini na mbili.
Gasketi, ya sabini na tisa.

Basi Badri, shemeji yangu, kiangazi cha juzi
aliwachongesha Kutaisi silinda, akanyamaza,
maana alitaka gari lipande mlima na mawe ya watu.

"Milimita tatu tu?" Mama mkwe akauliza.
"Nani ataziona?"
"Moto, Mama. Moto utaziona."

Hakunijibu siku mbili.

Dukani kwa Murtaz zilikuwa mbili za kunifaa.
Ya chuma, tabaka juu ya tabaka, bei ya kondoo:
"Bora kuliko zote," akasema, "kama uso wa bloku ni kioo."
Nikaukumbuka uso wa bloku yangu,
mikwaruzo niliyoitia mwenyewe kwa kisu cha jikoni.
Nikachukua ile nyingine, laini zaidi,
inayojua kusamehe kidogo.

Jioni nikafuta, nikafuta tena.
Matundu ya boliti nikayanyonya kwa sindano ya zahanati,
tone la maji likibaki chini ya boliti
halina pa kukimbilia, hupasua chuma.
Silikoni sikutia. Badri angetia.

Moto, maji, oili: hawana ugomvi hao,
ila kila mmoja apite njia yake.
Na juu aluminiamu, chini chuma cha kalibu,
mmoja akipashwa hutanuka upesi, mwenzake taratibu,
na huyu mwembamba katikati
anasuguliwa na wote wawili, asilalamike.
(Nilicheka peke yangu hapo. Ng'ombe akageuka.)

Boliti kumi, kuanzia katikati kwenda nje.
Raundi ya kwanza, kilo nne.
Sikumsikia akiingia. Tochi tu ikaniangukia mikononi,
na sauti yake ikihesabu Kisvani,
moja, mbili, tatu,
raundi ya pili, kilo kumi na moja,
spana ya mwalimu wa ufundi ikilia *tak*,
naye akisema "ndiyo" kwa kila *tak*.
"Ile ndogo ya pembeni," akanikumbusha. Ya kumi na moja.
Nilikuwa nimeisahau.

Asubuhi injini ilikohoa mara mbili, ikashika.
Oili nyeusi. Maji maji.
Gazeti lilikuwa limefungwa upya, kamba mpya,
limerudi kabatini.

Usiku Jokia akapiga.
"Gasketi ya Baba ilikaa?"
Mama mkwe alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Imekaa," nikasema.

Kisu kikaendelea.